Mjadala: Ramani ya setilaiti iamue kahawa ya nani iuzwe?

Mtoto wa Kiwira

Wakubwa shikamooni, wadogo mambo. Naleta hoja, mnivumilie ni ndefu kidogo.

Mama yangu ana ekari moja ya kahawa Rungwe, juu kidogo ya Kiwira. Ni kahawa kama zilivyo nyingi za huku: mibuni chini, migomba katikati, migrevilea juu kwa ajili ya kivuli. Msimu uliopita mnunuzi mmoja (simtaji) alileta vijana wenye simu, wakazunguka mipaka ya mashamba wakichukua pointi. Wiki chache baadaye karani wa chama cha ushirika akaja na orodha iliyotokana na ramani ya setilaiti. Karibu wote wana alama ya kijani. Mama ana nyekundu: msitu umekatwa baada ya 2020. Kahawa yake ikawekwa pembeni.

Kwa ambao hawajafuatilia: mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria kwamba kahawa, kakao, soya, mawese, mpira, ng'ombe na mbao haviingii sokoni kwao kama vimetoka kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Utekelezaji ulikuwa uanze mwisho wa 2024, ukasogezwa, ukasogezwa tena, lakini wanunuzi hawakusubiri. Chai na parachichi hazimo kwenye orodha, ndiyo maana jirani yetu wa parachichi anatucheka.

Sasa shambani kilitokea nini? Oktoba 2021 tuliikata mibuni mizee mpaka kimo cha goti ichipue upya, kama bwana shamba alivyotuelekeza. Mwezi huohuo tukaangusha migrevilea saba tukapasua mbao, maana mdogo wangu alikuwa anaanza chuo. Ukisimama pale shambani unaona visiki vina machipukizi. Ukitazama kutoka juu, kijani kizito cha Juni kimekuwa udongo mwekundu. Mashine iliona sawasawa kwamba miti imepungua, ila ikaviita msitu vitu ambavyo bibi yangu alivipanda kwa jembe.

Naomba tujadili hivi: hizi ramani zinazosomwa na akili mnemba ziwe hakimu, au ziishie kutuonyesha pa kwenda kukagua? Mimi nasema alama nyekundu isimzuie mtu kuuza mpaka mtu wa miguu awe amefika.

Mlowo Stendi

Pole kwa mama, mkuu. Lakini huyo mtu wa miguu tunamjua. Akifika anakaribishwa ugali, anafungiwa jogoo na mkungu wa ndizi, anaandika "hapa hapajawahi kuwa na msitu" wakati kisiki bado kinatoa utomvu. Setilaiti haili kuku. Bora nyekundu moja ya makosa kuliko kijani ishirini za kununua.

Mtoto wa Kiwira

Hiyo moja ni mama yangu, mkuu.

Mpima wa Soweto

Niko Mbeya mjini, kazi yangu ni ramani, kwa hiyo niseme kidogo kuhusu mashine yenyewe. Wengi wanaisifu au kuitukana bila kujua inavyofanya kazi.

Picha za bure ambazo wengi wanatumia ni za Sentinel-2 za Ulaya. Nukta yake moja ardhini ni mita 10 kwa 10. Ekari ya mama ina upande wa kama mita 63, yaani nukta sita kwa sita, jumla 36. Kati ya hizo, 20 ziko ukingoni, zimechanganyika na mgomba wa jirani, njia, au kichaka cha mtoni. Shamba lote la mama, mashine inalisomea kwenye nukta 16 safi. Halafu ongeza mawingu. Rungwe kuanzia Novemba mpaka Mei unaweza kupata picha nyeupe mfululizo, hata kama setilaiti inapita kila baada ya siku tano.

Kuhusu kujifunza kwake: hakuna aliyeiandikia kanuni kwamba mbuni una sura fulani. Inapewa maelfu ya vipande vya picha ambavyo watu wameshaviwekea majina, huu msitu, hili shamba, haya maji, nayo inajirekebisha mpaka ikisie sawa. Kwa hiyo inajua ilichoonyeshwa tu. Kama kahawa iliyoonyeshwa ni ile ya Brazil, mistari mirefu iliyopandwa juani, ikikutana na kahawa ya Rungwe iliyojificha chini ya mgomba itasema msitu. Na wakikuambia iko sahihi kwa asilimia 90, uliza ile 10 imeangukia wapi. Haitawanyiki sawa kwa wote. Inalundikana kwa wenye kivuli, yaani kwa wakulima waliofuata ushauri mzuri.

Hili linatibika. Mwaka 2023 ilichapishwa ramani ya kakao ya Ghana na Côte d'Ivoire iliyotengenezwa kwa akili mnemba ya aina hii, na kilichoipa nguvu ni mipaka ya mashamba halisi ya kakao yaliyopimwa ardhini. Tukitaka itujue, lazima tuifundishe kwa mashamba yetu.

La mwisho, na hili ndilo linaniudhi: sheria yenyewe haikumfanya mashine kuwa hakimu. Inasema msitu ni eneo linalozidi nusu hekta, lenye miti inayopita mita 5 na kivuli kinachozidi asilimia 10, na inayatoa nje mashamba ambayo zao limelimwa chini ya miti. Ramani ya misitu ya 2020 iliyotengenezwa na Tume ya Ulaya, wenyewe wanasema hailazimishi mtu. Anayeigeuza hukumu ni mnunuzi, kwa sababu anaogopa faini. Kiwango cha juu cha faini hakipungui asilimia 4 ya mauzo yake ya mwaka huko Ulaya. Akiona nyekundu, kumtenga mama ni rahisi kuliko kulipa nauli ya mkaguzi.

Jirani wa Kipunji

Mpima umenena, ila msisahau upande wa pili. Msitu wa Mlima Rungwe ndiko aliko kipunji, tumbili ambaye wanasayansi walikuja kumfahamu 2003 tu, wazee wetu wakiwa wanamjua siku zote. Msitu ule unamegwa pembeni kidogokidogo: leo mkaa, kesho mbao, keshokutwa viazi. Askari wa misitu wanahesabika na miteremko mnaijua. Bila jicho la juu, taarifa zinafika mti ukiwa umeshakuwa kitanda. Mimi nakubali mama akaguliwe, lakini sikubali tuizime taa kwa sababu imemmulika asiyehusika.

Nguzo za Mufindi

Nyie wa kahawa mnalia na nyekundu moja? Fungueni ile ramani ya dunia ya Chuo Kikuu cha Maryland, ile iliyotoka 2013 na huongezewa data kila mwaka, muangalie Mufindi. Utadhani tumeshukiwa na nzige. Inahesabu miti iliyopotea, haiulizi nani aliipanda. Mlingoti (mkaratusi) nimeupanda mwenyewe, nimeukata mwenyewe kwa ajili ya nguzo, na tayari umechipua. Shamba la miti la Sao Hill lote ni hivyohivyo, vitalu vinavunwa vinapandwa.

Swali la pembeni: nikikata milingoti ekari tatu nikaweka kahawa, je?

Mpima wa Soweto

Hapo utakwama kihalali, mkuu. Ekari tatu ni zaidi ya hekta moja, na msitu wa kupandwa nao ni msitu kwa mujibu wa sheria ile. Kuugeuza kuwa shamba la kahawa baada ya 2020 kunahesabika kuwa kufyeka msitu. Weka parachichi.

Karani Mstaafu

Wanangu, nimeandika mizani ya chama miaka mingi, na mwaka jana nilibebeshwa simu nami nipime. Chini ya migomba pointi inaruka. Kuna shamba nililizunguka kwa miguu yangu, kwenye ramani nusu yake imeingia mtoni. Kibaya zaidi, kwa shamba lisilozidi hekta 4 sheria inatosheka na pointi moja tu, lakini tuliambiwa tuzungushe yote. Wakulima wakaweka dole gumba kwenye fomu ya Kiingereza. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Nani leo anajua mipaka ile imehifadhiwa wapi na nani anaisoma?

Mwanangu wa Kiwira, mama hana stakabadhi za zamani? Kama aliuza kahawa chamani kabla ya 2020 kutoka shamba hilohilo, huo msitu uliota lini?

Mlowo Stendi

Hapo mzee umepiga penyewe. Karatasi nayo haili kuku.

Mtoto wa Kiwira

Ndaga fijo (asante sana), mzee. Nimempigia mama jana jioni. Anazo, ziko kwenye debe la mafuta chini ya kitanda, pamoja na cheti changu cha ubatizo. Leo nimepanda Kiwira kuziona. Ya zamani kabisa ni ya msimu wa 1998. Panya wamekula kona ya juu, lakini jina la marehemu baba linasomeka, na kilo pia.

Nimezipiga picha zote. Tatizo, fomu ya malalamiko ya mnunuzi inapokea faili la mipaka ya shamba tu. Picha inaikataa. Mpima, kuna namna?