Demio ya dizeli, taa ya DPF haizimi: niioshe mwenyewe, niitoe, au niuze gari?

Mtoni_Kijichi
Wakuu, habari za majukumu. Nina Mazda Demio ya dizeli, huu ni mwaka wa pili. Wiki tatu zilizopita taa ya DPF, lile chujio la masizi la kwenye ekzosi, ilianza kuwaka na kuzimika yenyewe. Sasa hivi haizimi, na gari imekuwa nzito. Nikikanyaga mafuta inasita kwanza ndipo inaondoka.

Nimeongea na mafundi wawili. Wa kwanza anataka atoboe DPF ibaki ganda, halafu kompyuta ya injini ipangwe upya ili taa isirudi, na anasema humohumo nguvu itaongezeka. Wa pili anataka aishushe, aioshe, na manifoldi ya hewa (bomba linalogawa hewa kwenye silinda) isafishwe pamoja nayo. Bei zao hazipishani sana. Mimi kazi za mikono nazipenda, nina boksi la soketi na jeki nzuri, oili na breki pedi nabadilisha mwenyewe nyumbani. Najiuliza kama hiyo ya pili naweza kuifanya kwa Jumamosi mbili, na hela itakayobaki niongezee shokapu na spesa za kuinua gari, maana njia ya kwetu ina mashimo. Shemeji yangu anasema niuze nichukue ya petroli. Naombeni uzoefu wenu.

Spana_Kumi_na_Nne
Mkuu, umeandika mengi ukaacha yanayotakiwa. Gari ya mwaka gani? Imetembea kilomita ngapi? Kompyuta yake imesoma kodi ipi ya hitilafu? Unaweka oili gani, na mara ya mwisho ulibadilisha lini? Kwa siku inatembea umbali gani? Bila hayo kila mtu hapa atakutibia ugonjwa wa gari lake.

BabaNeema_Moro
Itoe. Mimi nina Axela ya dizeli ya 2.2, DPF tuliitoa mwaka juzi na tangu hapo sijakanyaga gereji kwa shida ya injini. Hicho kitu kimetengenezwa kwa mafuta ya Japan, sisi dizeli yetu haikifai. Utaosha leo, baada ya miezi sita umerudi palepale.

Nyali_Kusini
Hapo pa mafuta sikubaliani nawe kaka. Nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli ya salfa isiyozidi 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni) tangu Januari 2015. Ni kweli Japan wako kwenye 10, lakini 50 DPF inaishi nayo. Mimi niko Mombasa, nina Demio hii hii, na kila wiki napanda Voi na kurudi. Taa hiyo nimeiona mara moja tu, tena ni ule mwezi niliokuwa nikizunguka mjini peke yake.

Kinachoziziba huku kwetu ni safari fupi. DPF ni chujio, linakusanya masizi, na masizi ili yaungue yanataka joto la kama nyuzi 600. Joto hilo injini inalipata kwa kumwaga dizeli ya ziada wakati mlipuko umeshapita. Ukizima gari katikati ya kazi hiyo, masizi yanabaki, na dizeli iliyomwagwa sehemu yake inateremka kwenye kuta za silinda hadi kwenye oili. Kesho inaanza upya, unazima tena.

Mtoni_Kijichi
Samahani wakuu, nilikuwa kazini. Gari ni ya 2015, modeli DJ5FS, dashibodi inasoma 131,000. Oili ni 15W-40, muuzaji aliniambia ni ya dizeli, nimebadilisha kama miezi saba iliyopita. Kodi haijasomwa, fundi alisema anaijua shida kwa macho. Anayeendesha zaidi ni mke wangu, anafundisha shule ya hapa jirani, kama kilomita 4 kwenda na 4 kurudi, na Jumapili kanisani. Mimi natumia pikipiki.

Spana_Kumi_na_Nne
Sasa tunaongea. Kilomita 4 hata maji hayajapata joto sawasawa. Kwa matumizi hayo hata DPF mpya ya kwenye boksi ingeziba.

Halafu hiyo oili. Si kila oili ya dizeli inaingia kwenye injini yenye DPF. Kitabu cha gari hii kinataka oili ya majivu machache: daraja la DL-1 kwa zilizouzwa Japan, 0W-30, au ACEA C3 kwa wanaofuata kipimo cha Ulaya, 5W-30. Maana ya majivu ni kwamba kila tone la oili linaloungua linaacha mabaki ya madini, na mabaki hayo yanakwenda kukaa kwenye DPF. Masizi yanaungua, majivu hayaungui milele. Ukichoma DPF iliyojaa majivu unachemsha injini bure.

Kwa hiyo kabla hujatoa hata shilingi, soma kodi. P2463 inakwambia masizi yamezidi, hapo kuna matumaini ya kuchoma bila kufungua kitu. P242F inakwambia majivu, hapo ni kuishusha na kuiosha. Nunua kile kifaa cha ELM327 cha kuchomeka chini ya usukani, chukua kilicho imara, si kile cha bei ya soda, na uweke programu ya FORScan kwenye laptopu. Inasoma Mazda vizuri, na kwa nyingi za dizeli inaamrisha hata uchomaji gari ikiwa imesimama. Usifanyie hiyo kazi juu ya nyasi kavu wala ndani ya banda, ekzosi inakuwa moto kupita unavyodhani. Na ukimaliza kuchoma, badilisha oili siku hiyohiyo.

Angalia pia mipira miwili myembamba inayokwenda kwenye sensa ya presha ya DPF. Ichomoe, ipulize kwa mdomo. Ikiwa imepasuka au imeziba, kompyuta inadanganywa na DPF inasingiziwa.

BabaNeema_Moro
Mnampa mtu laptopu na sensa wakati anataka gari itembee. Mwalimu wa watu anakwenda shule kilomita 4, mnataka kila Jumamosi aipeleke Chalinze kuchoma masizi?

Nyali_Kusini
Ndiyo, au hata nusu ya hapo. Kitabu chenyewe kinasema taa ikiwaka uendeshe zaidi ya kilomita 20 kwa saa, dakika 15 hadi 20 bila kuzima. Taa ingeheshimiwa wiki ya kwanza tusingefika hapa.

Mzee_wa_Kitonga
Vijana, mmegusa dizeli kuteremka kwenye oili mkapita. Mimi nitakaa hapo, kwa sababu yalinikuta.

Gari yangu haikuwa Mazda, ilikuwa dizeli ndogo ya Ulaya yenye DPF vilevile, ya otomatiki. Taa iliwaka, nikaizoea. Kijiti cha oili nilikuwa nakichomoa kila Jumapili, naona oili haipungui, nafurahi. Baadaye naona inapanda. Nikamuuliza fundi wangu, mtu niliyemwamini miaka mingi, akasema labda mara ya mwisho alizidisha kidogo, haina neno.

Mwezi wa kumi na mbili nikapakia familia kwenda Mafinga. Tumepita Ruaha Mbuyuni salama, tukaanza kupanda Kitonga nyuma ya malori. Kwenye kona ya tatu au ya nne injini ikaanza kunguruma kuliko nilivyokanyaga. Nikaondoa mguu, haikushuka. Mshale ukapita elfu nne, ukapita tano. Nyuma moshi mweupe wa bluu ukafunika barabara nzima, siwaoni wenzangu. Nikaegesha kwa kushika breki kwa nguvu zote, nikaweka P, nikazima. Ufunguo ninao mkononi, injini inaendelea. Ilikuwa haitumii tena dizeli ya kwenye tangi, ilikuwa inavuta ile oili iliyochanganyika na dizeli kupitia njia ya hewa na kuiunguza. Hakuna swichi inayozima hilo.

Mama alishawatoa watoto upande wa mlima. Dereva wa lori aliyekuwa nyuma akaja mbio, akafungua boneti, akachomoa mpira wa hewa karibu na boksi la filta. Akavuta kapeti la mpira la miguuni kwa mtoto, akalikunja mara mbili, akalikandamiza kwenye mdomo wa ule mpira kwa ubao wa kuwekea tairi. Kapeti likavutwa ndani hadi likapinda, injini ikatikisika, ikakata. Ule ukimya ninausikia hadi leo. Pistoni mbili ziliyeyuka, turbo ilikufa, gari niliiuza kwa vipande.

Kijana wa Mtoni, hayo mambo ya kuosha na kutoa yaache kwanza. Kachomoe kijiti cha oili leo.

Spana_Kumi_na_Nne
Pole sana mzee wangu, na asante kwa kuandika. Demio ina kizuizi cha hewa kinachofunga unapozima, lakini kikishagandwa na masizi usikitegemee. Kijiti cha Mazda za dizeli kina alama ya X juu ya alama ya kujaa. Mazda waliiweka kwa ajili ya jambo hilihili. Oili ikifika kwenye X, hiyo oili imwagwe, hata kama ina wiki mbili.

Mama_Wawili_Mbezi
Niongeze kitu kwenye hoja ya kuitoa. Jirani yangu ameitoa ya kwake. Asubuhi akiwasha, geti langu liko nyuma ya ekzosi yake. Ukuta wangu mweupe una doa jeusi la duara, ukipitisha kidole kinatoka na unga kama wa chini ya sufuria ya kuni. Mwanangu mdogo ana pumu. Nimeshazungumza na huyo jirani kwa upole mara mbili. Kila anayeitoa kuna mtu amekaa nyuma yake.

BabaNeema_Moro
Dada pole kwa mtoto. Ila malori na daladala za zamani zinatoa moshi mara kumi na hakuna anayezisema.

Mama_Wawili_Mbezi
Hazilali getini kwangu kaka yangu.

Fundi_wa_Uani
Mimi nimeosha DPF ya Demio mwenyewe, uani kwangu Arusha, kwa hiyo niseme kilivyo. Si kazi ya kuanzia. Imebanwa jirani kabisa na turbo, nafasi ya mkono hakuna, na boliti zake zimepikwa na moto miaka yote. Niliziloweka dawa ya kutu usiku mzima na bado moja ilikatika. Kuitoa peke yake ilinila siku nzima.

Ikishatoka, kumbuka upande wa kuingilia moshi. Maji yanapita kinyume, kutokea upande wa kutokea moshi, kwa presha ndogo. Ile mashine ya kuoshea magari ukiikaribisha inavunja kuta za ndani, ni laini kama chaki. Usiigonge. Maji yalitoka meusi kama wino, baadaye ya kijivu, kijivu ndiyo majivu yenyewe. Niliiacha juani siku tatu, ikiwa na unyevu usiifunge. Gasketi weka mpya.

Manifoldi ya hewa ndiyo ningekushauri uanze nayo kwa mikono yako. Ile ya kwangu tundu la kupitisha hewa lilibaki la kuingiza kidole gumba, kuta zote ziko na lami ngumu. Kwangua kwa plastiki au mti, si bisibisi. Kwenye matundu ya kichwa cha injini, zungusha injini kwa mkono mpaka valvu za silinda unayoisafisha zifunge, kisha kwangua na uvute kwa mashine ya vumbi. Kipande kimoja kikiingia kwenye silinda umejitafutia kesi. Matambara unayoziba nayo yahesabu kabla na baada.

Nyali_Kusini
Na nguvu inarudi kweli. Hii injini ya lita 1.5 ina nguvu ya kuzungusha (torque) ya Nm 250 kwa gari la otomatiki, kwa gari dogo namna hii ni nyingi. Watu wanatafuta kupanga kompyuta ili waongeze nguvu wakati iliyopo imekabwa koo na masizi.

Shemeji_wa_Petroli
Mimi siyo yule shemeji, lakini namuunga mkono. Kilomita 8 kwa siku, dizeli ya nini? Unaokoa lita ngapi kwa wiki? Chukua Demio ya petroli ya 1.3, uiuze hii kwa mtu wa safari ndefu.

Mtoni_Kijichi
Nimelifikiria hilo. Ila niliinunua kwa mkopo wa ofisini na nimebakiza miezi saba, na nikiiuza na taa inawaka nitapigwa bei. Na kumuuzia mtu bila kumwambia siwezi.

Fundi_wa_Uani
Sasa hizo spesa. Ukiinua sana, shafti zinakaa kwa pembe kali na mpira wake unachanika mapema, na taa za mbele zinawapiga usoni wanaokuja. Sentimita mbili usizidishe. Na springi usiibane kwa kamba, tafuta kibanio chake. Springi ikifyatuka inavunja taya.

Mkulima_Njombe
Hapo kwenye spesa naomba tuendelee. Za alumini na za mpira mgumu, ipi inadumu kwenye vumbi la huku? Mimi nina Demio ya petroli, nimeweka za mpira, miezi minne zimeanza kukaa.

BabaNeema_Moro
Alumini. Za mpira ni za kuuzia watu tu.

Fundi_wa_Uani
Mpira ukiwa mzuri unadumu, alumini inapitisha kelele zote hadi kwenye usukani. Tatizo huku ni kwamba mpira mzuri haupatikani kirahisi.

Mtoni_Kijichi
Wakuu nimetoka nje sasa hivi na tochi. Nimefuta kijiti na tishu, nikakirudisha, nikachomoa tena, mara tatu. Oili imepita alama ya kujaa, imegusa chini ya X. Nyepesi, inateleza kidoleni kama maji, na inanuka dizeli kabisa. Mke wangu alikuwa aitumie kesho asubuhi.

Mzee_wa_Kitonga
Isiwashwe. Mwambie mwalimu kesho apande bajaji.

Spana_Kumi_na_Nne
Mwaga oili yote ikiwa ya baridi, weka ya C3 na filta mpya, usiizidishe. Halafu ndiyo usome kodi, utuwekee namba hapa. P2463 au P242F.

Mtoni_Kijichi
Sawa. Funguo nimeziweka mfukoni kwangu. Jumamosi naenda maduka ya spea ya Gerezani kutafuta hiyo C3 na kile kifaa, nikisoma nitaleta namba. Kwenye kopo la oili herufi za C3 zinaandikwa mbele au nyuma?

Mkulima_Njombe
Nyuma, maandishi madogo, chini ya jina ACEA. Na kwenye spesa, hiyo alumini ya kelele, ukiweka mpira mwembamba katikati je?