Je, nitumie kiolezo cha wasifu au niandike mwenyewe kuanzia mwanzo?

Mhasibu Chipukizi
Ndugu zangu, nimehitimu stashahada ya uhasibu na naandaa wasifu wa kuombea kazi, serikalini na katika kampuni binafsi. Kijana wa steshenari ninapochapia amenionyesha kiolezo cha Canva, programu ya usanifu ya mtandaoni, chenye safu mbili, picha upande wa kushoto na nyota za kuonyesha kiwango cha ujuzi, nacho kinapendeza kuliko ukurasa niliouanza mwenyewe. Ninachohofia ni kwamba waombaji wengi watakuwa wamekitumia hichohicho. Naomba ushauri.

Afisa Utumishi
Mdogo wangu, kufanana kwa kurasa kusikukoseshe usingizi. Anayepitia rundo la maombi hufurahi akikuta elimu, uzoefu na wadhamini (watu wanaoweza kuthibitisha sifa zako) mahali alipotarajia, na hapo kiolezo humsaidia sana asiyewahi kuandika wasifu. Kinachotukwaza ni maneno ya kiolezo kuachwa yalivyo. Tunakutana na sentensi ileile ya malengo, kwamba mwombaji ni mchapakazi anayeweza kufanya kazi bila kusimamiwa, katika maombi ya mhasibu, ya dereva na ya muuguzi, na haituambii lolote juu ya yeyote kati yao. Iondoe, na mahali pake ueleze ulichofanya kwenye mafunzo kwa vitendo: kama kila mwisho wa mwezi ulilinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, ukatafuta chanzo cha tofauti, liseme hilo. Nyota nazo ziondoe, kwa sababu hakuna ajuaye nyota nne za Excel ni ujuzi wa kiasi gani.

Fundi Mifumo
Naongezea upande wa mitambo. Baadhi ya waajiri wakubwa hupokea maombi kwa programu inayochambua maandishi kabla ya mtu kuyaona, na safu mbili, majedwali na visanduku huweza kuivuruga. Fungua PDF yako, nakili maandishi yote, uyabandike kwenye Notepad, programu ya kuandikia maandishi matupu. Yakitoka kwa mpangilio unaosomeka, kiolezo kinafaa. Yakichanganyika, au yasipotoka kabisa kwa kuwa ukurasa umehifadhiwa kama picha, tafuta chenye safu moja. Word ina vya namna hiyo.

Mwombaji Mzoefu
Kwa serikalini, Ajira Portal, tovuti ya kuombea kazi za utumishi wa umma Tanzania, ina fomu ambayo unajaza taarifa zako sehemu kwa sehemu, hivyo urembo wa wasifu hauna uzito mkubwa. Soma masharti ya tangazo: mara nyingi hutaka maelezo binafsi yanayojitosheleza, anuani na namba ya simu ya kuaminika, pamoja na majina ya wadhamini watatu. Violezo vingi vya kigeni havina sehemu ya wadhamini, au huandika tu kwamba watatajwa wakihitajika, na usipoiongeza mwenyewe utakuwa hujatimiza sharti.

Mhasibu Chipukizi
Nawashukuru sana. Nimejaribu hiyo njia ya Notepad, na namba yangu ya simu imejitokeza katikati ya jina la chuo, kwa hiyo nachukua cha safu moja. Na picha je, niiondoe?

Afisa Utumishi
Kama tangazo halijaiomba, iondoe, nafasi hiyo uitumie kwa mafunzo yako ya vitendo. Wadhamini wako pia uwaarifu mapema, wasije wakapigiwa simu bila kujua umeomba kazi gani.