Kushukia Guangzhou, kurudi kutokea Shanghai

MamaVitenge_Mwanga: Habari za Kigoma, ndugu zangu. Nataka kushukia Guangzhou kwa vitambaa, nipande treni hadi Yiwu kwa vyombo, kisha nirudi kutokea Shanghai. Wakala anataka nikate tiketi mbili za kwenda tu. Bei imenivunja moyo. Safari iliyopita nilirudi Guangzhou kwa sababu ya ndege tu, nikapoteza siku nzima na mabegi manne.

FundiSafari: Dada, usikate mbili. Kwenye tovuti ya shirika chagua "miji mingi", ujaze Dar–Guangzhou, kisha Shanghai–Dar, tiketi moja. Mara nyingi bei hukaribia ile ya kwenda na kurudi. Ethiopian Airlines wanafika kote kuwili kupitia Addis Ababa.

Mgebuka_Ujiji: Linganisha na kuondokea Bujumbura pia; kwa kupitia mpaka wa Manyovu ni karibu kuliko Dar. Ila chondechonde, usiache kupanda ndege ya kwanza. Ukiikosa, kwa kawaida zote zinazofuata zinafutwa.

MamaVitenge_Mwanga: Nimeiona hiyo "miji mingi", kumbe nilikuwa naipita kila siku! Na kilo za mzigo?

FundiSafari: Soma mstari wa mizigo kwa kila ndege kabla hujalipa.