Naomba ushauri: nimeshindwa kuiacha kazi kazini, na wenzangu wanaumia

Bi_Mapokezi (Malindi)

Asalaam aleikum ndugu zangu. Nina miaka 39, ni msimamizi wa mapokezi na bukingi katika hoteli moja upande wa Casuarina. Mwaka wa kumi na moja huu naifanya kazi hii na naipenda, kwa hivyo msidhani nimekuja kumlalamikia mwajiri.

Tatizo ni mimi. Naingia saa moja asubuhi, natoka saa moja usiku, siku zote saba. Hizo ni saa 84 kwa wiki kabla sijahesabu za usiku, maana hata nyumbani nakula kwa mkono mmoja, wa pili uko kwenye simu. Agosti na Desemba wageni wakijaa, mtu ataelewa. Lakini hata Mei, kusi inavuma na nusu ya vyumba vimefungwa, mimi niko ofisini napanga mafaili yaliyokwisha kupangwa. Nikikaa nyumbani moyo unanienda mbio kama niliyeacha chungu motoni. Arusi ya mdogo wangu, Mambrui, wenzangu wako uani wanapiga vigelegele, mimi nimejifungia chumbani najibu barua pepe. Mama alifungua mlango, akanitazama, akaufunga. Hakusema neno.

Nilikuwa nikijiambia kwamba naumia peke yangu. Mwezi uliopita yakatokea mawili. Familia ya Kitaliano kutoka Milano ilifika usiku, watoto wamelala mabegani, kumbe chumba chao kina watu. Nikamfokea kijana wa zamu mbele ya wageni. Asubuhi naangalia kwenye kompyuta, aliyeingiza bukingi mbili kwenye chumba kimoja ni mimi mwenyewe, saa saba na dakika ishirini usiku, nikiwa kitandani. Wiki mbili baadaye kijana huyohuyo akaacha kazi. Nilimwuliza sababu. Akaniambia, "Madam, simu yangu ikilia usiku, mtoto wangu wa miaka mitatu husema: huyo ni madam."

Tangu siku hiyo sijalala vizuri. Meneja naye ananisifu kila mkutano, anawaambia wengine waniige. Naanzia wapi? Nikipunguza, kazi haitaanguka? Na kijana huyu, nimwombe radhi au nimwache apumue?

Aliyekuwa_Watamu

Dada, nilikuwa chini ya mtu kama wewe miaka minne, jikoni. Hakuwa mbaya. Lakini alikuwa haondoki, basi hakuna aliyethubutu kuondoka. Kazi imekwisha saa kumi na moja, tunabaki tunafuta meza safi mpaka yeye ashike mkoba wake. Tulichoka bila kufanya kitu. Halafu kwa kuwa kila jambo lazima lipite kwake, tukaacha kufikiri. Samaki wanaanza kunuka, mtu anasimama kumsubiri yeye aje aamue. Na ukikosea unaficha, kwa sababu ukisema ataichukua ile kazi aifanye mwenyewe usiku, kesho aje amenuna. Siku alipolazwa hospitali hakuna aliyejua hata namba ya simu ya muuza mboga. Wiki nzima tulihangaika.

Unauliza kama kazi itaanguka ukipunguza. Mimi naona imeshaanza kuanguka ungali umeishika.

Kapteni_Mkunguni (Lamu)

Mimi sikubaliani nanyi. Pwani hii kazi ni ya kuotea. Mwaka 2020 korona ilipofunga mahoteli watu tulikula mihogo mitupu. Leo mtu ana kazi mnamwambia apunguze? Piga kazi dada, karo haisubiri.

Bi_Mapokezi

Kaka, 2020 naikumbuka, nilikaa miezi bila mshahara. Pengine ndipo lilipozidi. Lakini Mei sina mgeni wa kumhudumia na bado siondoki. Hiyo si karo.

Muuguzi_wa_Zamu (Lamu)

Kapteni, kufanya kazi sana na kushindwa kuiacha ni mambo mawili. Anayefanya sana, kazi ikiisha analala. Mwenye uraibu, kazi ikiisha ndipo anapoumwa. Wayne Oates, mchungaji wa Marekani aliyeandika habari hii mwaka 1971, aliufananisha na ulevi wa pombe, akianza na nafsi yake. Dada, ule moyo kwenda mbio ukikaa nyumbani ndiyo arosto yenyewe.

Sasa sikiliza hili kwa makini. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walitoa hesabu mwaka 2021: anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki, hatari yake ya kupata kiharusi ni kubwa kwa asilimia 35 kuliko ya anayefanya saa 35 hadi 40, na ya kufa kwa moyo ni kubwa kwa asilimia 17. Wewe una 84. Usingoje dalili. Kesho kabla ya kazi, nasema kabla, pita zahanati upimwe presha.

Karani_Mstaafu

Binti yangu, Sheria ya Ajira ya 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku 21 za kazi zenye malipo kila mwaka. Si hisani ya mtu. Unapowapigia vijana siku yao ya ofu unakula haki yao, na wewe yako unaitupa.

Kwa meneja usiende na habari za kuchoka, atakuambia pole na yataishia hapo. Nenda na hesabu: kijana aliyeijua kazi ameondoka, mpya atafundishwa miezi, na familia ile ilibidi itafutiwe pa kulala. Kisha bukingi ziingizwe na aliye zamu tu, daftari la makabidhiano likae kaunta. Chagua mmoja umwachie siku nzima. Akikosea, mrekebishe kesho yake mchana.

Binti_Matondoni

Mume wangu alikuwa hivi. Kilichomsaidia ni kuaga ofisini kwa sauti, "jamani mimi natoka," ndipo na wengine wakapata miguu ya kuondoka. Simu ya kazi ikawa inalala ofisini. Mwezi wa kwanza alikuwa mkali nyumbani kama simba, nisikufiche.

Kijana mwombe radhi. Ila usiichanganye radhi na kumwomba arudi, ataona ni mtego.

Bi_Mapokezi (siku tisa baadaye)

Nimerudi. Presha ilikuwa 150 kwa 95, nimeambiwa nirudi tena wiki ijayo. Meneja nilimpelekea hesabu kama mzee alivyosema. Alinyamaza sana, kisha akauliza nani atakaa Jumatano, basi.

Vijana nimewaambia nikituma ujumbe baada ya saa mbili usiku wasijibu. Mmoja akaniuliza kama najaribu kuwapima. Iliniuma, lakini ana haki ya kuuliza. Nimewapa ratiba mpya, Jumatano jina langu halimo, na simu ya bukingi sasa inalala kwenye droo ya kaunta. Jana usiku niliamka mara mbili kuitafuta.

Yule kijana nimempigia leo saa nne asubuhi. Hakupokea. Nitampigia tena kesho, mchana.