Tupeane uzoefu: kompyuta ya mezani inawaka, kisha inajizima

Fundi Ziwani (Mwanza)

Wakuu, habari zenu. Kila mara naletewa kompyuta yenye shida hii, na mwenyewe ameshaambiwa huko nyuma kwamba mazabodi (bodi kuu ya ndani) imekufa, anunue nyingine. Inaniuma, maana wengi ni watu wa stesheneri na walimu, na mashine ile ndiyo inawalisha. Tuweke visa vyetu hapa, na kila mtu aanze kwa kusema ilikaa muda gani kabla ya kuzima. Muda huo ndio unaokuonyesha pa kuanzia.

Naanza na cha kwangu. Mama mmoja alileta mashine iliyokuwa inafika mpaka Windows, inafanya kazi dakika chache, inazimika ghafla. Ukiiwasha papo hapo, inakaa muda mfupi zaidi ya ule. Ukiiacha ipoe, inarudia muda wake wa mwanzo. Hilo ni joto. Feni ya prosesa ilikuwa inazunguka vizuri kabisa, ndiyo maana aliyeifungua kabla yangu hakuishuku. Lakini hitisinki yake (kile chuma cha kunyonya joto la prosesa) inashikwa na miguu minne ya plastiki, na mguu mmoja ulikuwa umechomoka kwenye tundu, kwa hiyo upande mmoja haukugusa prosesa. Prosesa nyingi zikikaribia nyuzi 100 hupunguza kasi ili zijilinde. Joto likizidi kupanda, mashine inakata umeme yenyewe. Nilifuta pesti ya kupitisha joto, iliyokuwa imekauka, kwa spiriti, nikaweka mpya kiasi cha punje ya choroko, nikabana miguu kwa mshazari. Mashine iko dukani kwake inachapa mitihani.

Mwalimu wa Maabara (Morogoro)

Yetu ilikuwa inazima kila ikifika sekunde nne hivi, haibadiliki. Wakuu, hapo msiguse prosesa wala RAM (kadi ya memori). Kompyuta hizi zimeundwa hivyo: swichi ikishikiliwa sekunde nne au zaidi, zinazimika. Kitufe chetu kilikuwa kimezama na hakirudi. Nilichomoa ule waya mdogo wa swichi kwenye mazabodi, nikagusanisha pini zake mbili kwa ncha ya bisibisi mara moja tu, ikawaka na ikakaa. Waya wa kitufe cha riseti nikauchomeka pale pa swichi, wanafunzi wanawashia hapo mpaka leo.

Mtu wa Kivuko (Likoni, Mombasa)

Huku pwani hewa ya chumvi inakula kila chuma. Yangu ilikuwa inaandika kwenye skrini kwamba kifaa cha USB kinavuta umeme kupita kiasi na mashine itazimwa baada ya sekunde 15, nami sijachomeka chochote. Kuangalia tundu la USB la mbele, ule ulimi wa ndani umevunjika, pini zina kutu na zimelaliana. Nikachomoa waya wa USB za mbele kwenye bodi, basi. Natumia za nyuma.

Kaka Multimita (Kariakoo)

Kwangu zinazoongoza ni pawa saplai (lile boksi linaloipa mashine umeme), hasa kwenye mitumba. Feni inajigeuza kidogo tu, kimya. Kwanza zima na uchomoe waya wa ukutani, kisha utoe ile plagi ya pini 24 kwenye bodi. Gusanisha waya wa kijani na mweusi wowote kwa kipande cha waya, halafu rudisha umeme. Ikiwaka hivyo na kwenye bodi inakataa, ama bodi ina shoti, ama pawa saplai haibebi mzigo.

Hapo wengi wanakosea kwa kuipima ikiwa tupu. Iliyochoka itakupa namba nzuri ikiwa haina mzigo, ikibebeshwa inaanguka. Irudishe kwenye bodi, ingiza ncha ya mita kwa nyuma ya plagi: njano iwe volti 12, nyekundu 5, chungwa 3.3. Ruhusa ni asilimia 5, kwa hiyo njano ikishuka chini ya 11.4 badilisha. Angalia pia kapasita (vile vikopo vidogo vinavyohifadhi umeme) zilizo karibu na prosesa. Zilizovimba kichwani zimekwisha.

Na nawasihi, kama si mtu wa umeme usifungue boksi la pawa saplai. Kapasita kubwa ya ndani inaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata ukishachomoa waya ukutani.

Dada Iringa

Samahanini kaka zangu. Yangu nimeihamishia kasha jingine. Nje ya kasha, juu ya kadibodi, inawaka vizuri. Nikiifunga ndani inazima papo hapo.

Kaka Multimita (Kariakoo)

Dada, toa bodi uangalie vile vinguzo vya shaba vilivyo chini yake. Kila kimoja lazima kiwe chini ya tundu la skrubu. Kisicho na tundu kinagusa mgongo wa bodi na kupiga shoti.

Dada Iringa

Kipo! Kimoja katikati, kimeacha hadi alama kwenye bodi. Nimekitoa, imewaka, sasa iko kwenye Windows. Asante sana kaka.

Fundi Ziwani (Mwanza)

Safi sana dada. Zile zinazozima na kujiwasha zenyewe tena na tena bado hatujazigusa. Mwenye kisa cha RAM aweke, na aseme kama alisafisha meno ya hiyo RAM kwa ufutio au aliibadilisha kabisa.