Mrejesho: balbu ya taa ya mbele ya tuktuk

Wiki iliyopita niliuliza mbona soketi ya taa ya mbele ya tuktuk yangu yayeyuka. Mlioniambia nisome maandishi kwenye kitako cha balbu, Mungu awabariki. Kumbe nilitiliwa balbu aina ya H4 ya wati 60/55 (mwanga wa juu/wa chini), na taa yangu ni ya aina ya HS1, wati 35/35. Zote volti 12, na zafanana mno! Ile kubwa huvuta ampea 5, hii kama 3 tu. Nyaya zangu nyembamba hazikuiweza.

Nimepata HS1 huko Mwembe Tayari, Mombasa, nikabadilisha na soketi. Kioo cha balbu nilikishika kwa kitambaa, maana mafuta ya vidole huiua balbu ya halojeni kama hii. Jana usiku nimetoka Kongowea hadi Bamburi, mwanga safi, wala hakuna harufu ya kuungua. Ahsanteni sana, ndugu zangu.