Waliopita Shule ya Sheria kwa Vitendo: tupeane uzoefu

Wakuu, heshima mbele. Nimemaliza LLB (digrii ya sheria) mwaka huu na najiandaa kuomba nafasi pale Shule ya Sheria, wanakopita wanaotaka kuwa mawakili. Mnakumbuka kelele za matokeo yake ya Oktoba 2022: watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja 26, wenye supu (kurudia baadhi ya mitihani) 342, waliodisko (kuondolewa masomoni) 265. Ikaundwa kamati ya kuchunguza chini ya Dk. Harrison Mwakyembe, aliyewahi kuwa waziri wa sheria, na mtandaoni watu wakagawana lawama, huyu anasema vyuo vikuu, yule anasema vijana wavivu. Huko sitaki turudi. Nataka kusikia kwa mliopita: kilichowatesa hasa ni nini? Na mliosajiliwa uwakili kabla shule haijaanza mwaka 2008, karibuni pia.

Hati_Safi
Kuandika, mkuu. Miaka yote ya digrii unaulizwa "jadili", unajadili. Ukifika pale unakabidhiwa faili: mkataba wa kuuziana kiwanja, barua mbili za madai, risiti. Haya, andaa hati ya madai, ile inayofungulia kesi. Hapo utamkuta mtu anayeijua kesi maarufu ya Mukisa Biscuit mpaka mwaka wake, 1969 (na nusu ya wanaoitaja hawajaisoma, tusidanganyane), lakini hajui aya ya mamlaka ya mahakama iandikweje, wala kwa nini lazima ataje thamani ya madai. Kwangu mimi zile namba za 2022 zinasomeka hapo. Wengi hawakuwa vilaza, walipimwa kitu ambacho hawakuwahi kukifanya kwa mkono.

Binti wa Lushoto
Naunga mkono. Mimi nilianzia stashahada pale Chuo cha Uongozi wa Mahakama, ndipo nikasoma digrii. Darasani waliotoka kidato cha sita walinipita kwa nadharia, tena mbali. Ikija hati ya mashtaka au hati ya kiapo (maelezo ya maandishi ambayo mtu anayaapia), jioni walikuwa wanajaa chumbani kwangu.

Mzee wa Joho
Zama zetu ulikaa ofisini kwa wakili, kisha ukaenda kusailiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Ukipata wakili anayefundisha, umeula. Ukipata wa kukutuma vocha, basi tena. Vijana mnalalamika, ila angalau nyie mnafundishwa wote kitu kimoja.

Nasubiri Kuapishwa
Shikamoo mzee. Hiyo ya vocha bado ipo, kwenye field (mafunzo ya vitendo ofisini). Ila mimi nilijifunza mengi kwa kutazama tu. Ofisi niliyopangiwa ilipeleka maombi ya kuongezewa muda wa kukata rufaa. Hati ya kiapo ilikuwa nzuri, hoja zimepangwa, lakini pale chini panapoonyesha kiapo kimeapwa wapi na lini, mahali hapakuandikwa. Wakili wa upande wa pili akasimama na pingamizi la awali, yaani hoja ya kisheria ya kuyapinga maombi kabla hayajasikilizwa. Haikuchukua hata nusu saa, maombi yakaondolewa. Nje kwenye korido mteja, mama mtu mzima, akaniuliza, "Kwa hiyo mwanangu, tumeshinda?" Wakili akamjibu tutafaili upya. Sawa, ila kwenye maombi ya kuongezewa muda unatakiwa ueleze kila siku uliyochelewa, na sasa siku zimeongezeka. Tangu hapo hati ya kiapo naanza kuisoma kutokea chini.

Hati_Safi
Hapo umemaliza. Na mteja ndiye analipia.

Mleta mada
Asanteni nyote, nimeelewa. Swali la mwisho: kwa miezi hii nikiwa nyumbani, nikisoma hukumu za TanzLII (tovuti ya hukumu za mahakama za Tanzania) peke yake inatosha?

Binti wa Lushoto
Kusoma peke yake hapana, mdogo wangu. Chagua hukumu ya madai, soma ile sehemu ya historia ya shauri, funga. Kisha andika hati ya madai ambayo huyo mdai angepaswa kufaili, halafu andika utetezi wa upande wa pili. Mpe mtu asahihishe. Ukikosa mtu, niandikie inbox, Jumamosi huwa nina nafasi.